Kaka anatoka Karanga Desemba: matibabu yaanzie wapi?

Swali

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Moshi. Kaka yangu yuko gereza la Karanga, amekaa miaka mitatu na anamaliza kifungo katikati ya Desemba. Kabla ya hapo alitumia unga (heroini) kwa miaka mingi, na gongo juu yake. Mwaka wa pili akiwa ndani alianza kusikia sauti za watu wanamtukana. Walimpa vidonge na sindano ya kila mwezi, sasa ametulia kabisa. Mama anataka akitoka aende moja kwa moja Machame kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, akae mbali na mji, na mchungaji amwombee. Lakini mama anapika mbege, pombe ya ndizi, ya kuuza, ndiyo inayotulisha. Mimi naona bora soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, huko Arusha, ila gharama inatushinda. Kila mtu nyumbani ana lake. Tuanzie wapi? Na akirudia je?

Jibu

Marahaba dada yangu. Nimefurahi umeuliza mapema. Familia nyingi huja kliniki mtu akiwa ameshatoka siku nyingi, dawa zimeisha, halali usiku, na sauti zimerudi. Ninyi bado mna wiki kadhaa, na wiki hizo ni sehemu ya matibabu yake.

Mnabishana Machame au Arusha, na ninaelewa kwa nini. Mimi ningeuweka ubishi huo pembeni kwanza. Kabla ya kujua atalala wapi, jueni ni siku gani ataonwa kliniki, anatumia dawa gani, sindano inayofuata ni lini, na nani atakwenda naye. Mkiwa na hayo manne, Machame inawezekana na Arusha inawezekana. Msipokuwa nayo, hata soba hausi ya bei kubwa haitamsaidia.

Nianze na linaloweza kumuua, maana ndilo halizungumzwi nyumbani. Mwili wa mtu anayetumia unga kila siku huuzoea. Kipimo ambacho kingemwangusha mtu mgeni, kwake kinaondoa arosto tu, yale mateso ya kukosa unga. Akikaa muda mrefu bila kutumia, mazoea yale hufutika. Yeye bado anakikumbuka kipimo chake cha zamani, lakini mwili haukiwezi tena. Anatoka, anakutana na jamaa wa maskani, pale walipokuwa wakitumia pamoja, wanamkaribisha kwa upendo kabisa, anachukua kiasi kilekile cha miaka mitatu iliyopita, na sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi inalala. Anaanza kukoroma kwa sauti nzito. Baadaye mkoromo unakoma, na watu chumbani wanadhani amepata usingizi mzuri.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine wa jimbo lile, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Magereza yao na mitaa yao si kama yetu, lakini namna mwili unavyopoteza mazoea ya unga ni ileile kila mahali. Ndiyo maana nasisitiza wiki ya kwanza kuliko mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo mwambieni sasa, akiwa bado ndani, siku ya kumtembelea. Mwambie wewe, kwa maneno ya kawaida: "Kaka, ule mwili wa zamani haupo. Ukigusa hata kidogo unaweza usiamke." Najua wazazi wengi huogopa kwamba kulitaja jambo ni kulialika. Sijaona mtu aliyerudi kwenye unga kwa sababu dada yake alimwonya. Nimeona waliorudi bila kujua hatari hii, kwa sababu kila mtu alinyamaza kwa heshima.

Nanyi wa nyumbani mjue dalili zake. Mtu haamki hata akiitwa kwa nguvu na kufinywa, anakoroma au anavuta pumzi moja moja, midomo na kucha vinageuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Hapo msimpe maziwa, msimmwagie maji, wala msimchome chochote. Mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi. Pumzi ikikoma, mpulizieni mdomoni. Mwingine atafute gari haraka, iwe ni kwenda Hospitali ya Machame, Mawenzi au KCMC, ipi iliyo karibu. Mkifika, mwambieni daktari kwamba ametumia unga, na kama alichanganya na gongo mseme pia. Kuficha kwa kuogopa polisi kunakula dakika ambazo hana. Ipo dawa inaitwa naloksoni ambayo hurudisha pumzi haraka, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya unga. Kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka mara tu anapofungua macho, akaenda kuzimika tena nyumbani.

Sasa tuje kwenye dawa zake za akili. Hapa ndipo ninyi mnaweza kufanya kazi kubwa kuliko daktari yeyote.

Sindano ya mwezi kwa kawaida ni flufenazini, wengi huijua kwa jina la Modecate. Inakaa kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ni nzuri kwa mtu anayesahau vidonge. Ubaya wake ni kwamba tarehe ikipita hakuna kinachoonekana mara moja. Wiki ya kwanza yuko sawa, ya pili yuko sawa, familia inasema amepona, na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Sauti hurudi baadaye, pengine baada ya miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka sindano. Mara nyingi wakati huo watu huanza kumtafuta mchawi.

Kwa hiyo mkienda kumwona, mwombeni yeye mwenyewe azungumze na mganga wa zahanati ya gereza. Nasema yeye mwenyewe kwa sababu habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na mganga anaweza kukataa kukupa wewe, akiwa na haki kabisa. Aombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili Mawenzi, ikiwa na jina la ugonjwa, jina la kila dawa na kipimo chake, na tarehe ya sindano ya mwisho. Aombe pia vidonge vya kumfikisha kliniki. Na hili ni muhimu sana kwa mwezi wenu: aulize kama sindano inaweza kupangwa karibu na siku ya kutoka. Akitoka katikati ya Desemba na sindano yake ikaangukia kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, mtakutana na sikukuu, msongamano wa magari, na kliniki zilizofungwa. Kama alipimwa kifua kikuu au anatumia dawa yoyote nyingine ya kila siku, kadi zake zitoke naye.

Wewe upande wako pita Mawenzi kabla, uulize siku za kliniki na nani wa kumwona. Usiogope neno Mirembe, hospitali ya akili, ambalo majirani watalitaja. Hospitali ile ya Dodoma hupokea wagonjwa kwa rufaa. Mtu aliyetulia kama kaka yako hutibiwa hapahapa kama mgonjwa wa nje na kurudi nyumbani.

Kuhusu fedha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka magonjwa ya akili kwenye kundi la wanaotibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Msiishie kaunta mkikuta shida, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Mtarahisisha kazi mkibeba barua ya mtendaji wa kijiji au kata inayomtambulisha na kueleza hali yenu. Lakini niwe mkweli: msamaha wa malipo hauleti dawa kama dawa imeisha stoo. Wekeni akiba kidogo ya kununua dukani mwezi mmoja au miwili. Vidonge vya zamani kama haloperidoli si vya bei mbaya, na akiba hiyo itamsaidia kuliko sherehe ya kumpokea.

Jambo jingine la dawa hizi, linalowafanya wengi waziache. Zinaweza kukaza mwili. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanavutwa juu, taya linakaza, au mtu hawezi kutulia kwenye kiti, anazunguka uani usiku kucha. Ukiiona mara ya kwanza inatisha, na nimesikia ikiitwa pepo zaidi ya mara moja. Ni madhara ya dawa, yana dawa yake, na hutulizwa mapema ukiwahi hospitali. Msikatishe matibabu kwa sababu hiyo, ombeni kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kaka yako akisema "dawa inanifanya zezeta", msibishane naye. Anasema kweli kuhusu mwili wake, na daktari anapaswa kuyasikia maneno hayohayo kutoka kinywani mwake.

Utasikia pia watu wakisema sauti zile zilikuwa bangi tu. Unga wenyewe si kawaida yake kuleta sauti. Bangi huweza, na mirungi mingi huweza. Lakini kama kweli zilimwanza akiwa ndani, mbali na hivyo vyote, basi hapana sababu ya kudhani zitakoma zenyewe. Achukuliwe kama mtu mwenye magonjwa mawili, kila moja lina matibabu yake na yote mawili yatibiwe pamoja. Asiambiwe aache unga kwanza ndipo atibiwe akili, wala kinyume chake. Na kwa mtu kama yeye bangi ni hatari hata kama jamaa wataiita nyepesi.

Sasa mama na Machame. Mama ana hoja. Mbali na maskani ni jambo kubwa, kazi za kihamba zinampa mtu mwendo wa siku, na kulala kwenye nyumba ya mama baada ya miaka mitatu ya kulala na umati ni tiba ya aina yake. Siwezi kumpinga. Tatizo ni pipa la mbege uani, na mwezi wenyewe. Wewe unajua Desemba ilivyo kwetu. Watoto wote wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kila kihamba kina mgeni, kila mgeni anakaribishwa kwa kata ya mbege, na anayekataa anaulizwa ana nini. Mtu aliyetoka Karanga juzi ataona aibu kuikataa kata ya mjomba wake. Ataanza na mbege, atafika kwenye gongo, na akishalewa ile ahadi ya kutogusa unga haina mlinzi. Pombe pia humlaza mtu akasahau vidonge, na ikikutana na unga pumzi huzimika kirahisi zaidi.

Simwambii mama aache biashara inayolisha nyumba, ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa kliniki. Nashauri mambo ambayo nimeona yakiwezekana. Mbege ihamie kwa shangazi au jirani kwa msimu huu, mama akauzie huko. Kama haiwezekani, basi kaka asilale kwenye nyumba inayouza, alale kwa ndugu wa karibu na aje mchana. Mapokezi yawe chakula na watu wachache, bila pombe, na mzee mmoja anayeheshimika kwenye ukoo awaambie wengine mapema kwamba huyu yuko kwenye dawa, asikaribishwe kikombe. Neno likitoka kwa mzee linampunguzia kaka mzigo wa kujieleza kwa kila mtu. Kama mnaona yote hayo hayatawezekana Desemba hii, mkae naye mjini kwako hadi Januari, wageni wakishashuka, ndipo apande. Hiyo ndiyo ningeichagua mimi, kwa sababu pia iko karibu na Mawenzi.

Siku ya kutoka umpokee wewe langoni. Wapo wengine wanaoijua tarehe yake. Asipitie stendi, asipewe fedha nyingi mkononi siku hiyo, lakini msimchunguze mifuko kama mtoto. Mwambieni wazi mmepanga nini na kwa nini, na apewe nafasi ya kubadilisha baadhi ya mambo. Mtu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka mitatu anahitaji kuamua kitu.

Mchungaji aje na amwombee. Mimi huwaambia ndugu waende kwa mchungaji kabla, wamweleze dawa, na wamwombe aseme mbele ya kaka kwamba maombi na sindano vinakwenda pamoja. Wachungaji wengi husema hivyo kwa moyo mmoja. Ila akitokea wa kumwambia atupe vidonge ili kuonyesha imani, au wa kumfungisha mfungo mrefu, au mahali pa kumfunga kamba, muondoeni hapo siku hiyohiyo.

Soba hausi huwasaidia watu, na nyingi hutumia utaratibu wa Hatua 12 unaompa mtu wenzake wanaomwelewa bila kumhukumu. Lakini kwa kaka yako swali la kwanza si bei. Muulize msimamizi: mnapokea mtu anayechomwa sindano ya ugonjwa wa akili? Nani anatunza na kutoa vidonge? Nani atampeleka kliniki tarehe ikifika? Ndugu wanaruhusiwa kumwona lini? Mmesajiliwa wapi? Akikujibu kwamba kwao hakuna dawa yoyote inayoruhusiwa kwa sababu dawa zote ni sawa na za kulevya, aga kwa heshima uondoke. Nyumba ya namna hiyo inaweza kumfaa mwenye uraibu peke yake, yeye itamrudisha kwenye sauti. Na popote panapopiga watu, hata kama wanaita ni nidhamu, hapafai mgonjwa yeyote.

Hujauliza kuhusu methadoni, nami naitaja kwa sababu inahusika. Ni dawa ya kunywa, kwa kawaida hutolewa kila siku mbele ya mhudumu, inaondoa arosto na hamu ya unga ili mtu aweze kufanya kazi na kuishi. Kwetu ilianza Muhimbili mwaka 2011, kisha ikasambaa mikoa mingine. Kwa kuwa kaka amekaa muda mrefu bila unga, kama kweli hakutumia ndani, daktari ndiye atakayepima kama anaihitaji, na akianzishwa ataanza na kipimo kidogo sana. Asinywe ya kupewa na rafiki, ni hatari kama unga wenyewe kwa mwili usioizoea. Ukitaka kujua kituo kilicho karibu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Sasa swali lako la mwisho, akirudia. Anaweza kurudia. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, na namna mtakavyolipokea jambo hilo siku hiyo kunaamua kama atawaambia mara ya pili au atajificha. Mkubaliane mapema sentensi moja ambayo kila mtu nyumbani ataisema: "Umefanya vizuri kutuambia, kesho tunakwenda kliniki." Ugomvi na hesabu za fedha vingoje. Akitumia, asiwe peke yake chumbani amejifungia. Na ikiwa amerudi kwenye pombe ya kila siku kwa wiki nyingi, msimfungie aache ghafla. Anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa ndani ya siku chache za kuacha, na hilo linahitaji hospitali.

Kuna jambo linalofanana na kurudia ila ni baya zaidi. Miezi ya mwanzo nje watu hugundua mke ameolewa kwingine, watoto hawawatambui, kazi hakuna, mtaani wanaitwa teja na mwizi. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga aga, au kusema ni heri angebaki ndani, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Sheria yetu imekuwa ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia huogopa kulisema hospitalini. Lisemeni kwa daktari, na msimwache peke yake.

Kwa wengine wanaosoma jibu hili wakiwa na ndugu mahabusu, mambo yenu ni magumu zaidi, kwa kuwa hakuna tarehe. Asubuhi anapelekwa mahakamani, upande wa mashtaka unasema hauna nia ya kuendelea na shauri, na mchana yuko nje akiwa na nguo alizovaa, dawa zimebaki zahanati ya gereza. Kwenu ninyi, muulizeni kila mnapomtembelea jina la dawa na tarehe ya sindano, mwandike kwenye simu. Likitokea hilo, kesho yake mpelekeni kliniki hata bila barua. Na anayetoka kwa parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, au huduma kwa jamii ana ofisa anayemsimamia. Mwelezeni ofisa huyo siku za kliniki ili ratiba zake zisigongane na matibabu.

Kazi itakuja baadaye. Karanga kuna kiwanda cha viatu, na kama alijifunza kushona au kukata ngozi, hilo litamfaa sana kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Wiki za kwanza kazi yake ni kulala, kula, kunywa dawa na kufika kliniki.

Kwako wewe, wiki hii fanya mawili. Nenda Mawenzi uulize siku za kliniki za Desemba na kama zipo wiki ya Krismasi. Halafu siku ya kumtembelea, mwambie kaka aombe barua, na umuulize yeye anataka kukaa wapi. Katika barua yako yote umenieleza anachotaka mama na unachotaka wewe.